Msaada: PET na PVC zote zinazama, nazitenganishaje?

mzigo_safi

Wakuu habari za kazi. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu wa kutenganisha plastiki kwa maji maana hapa nimekwama kweli. Nina karakana ya kusaga plastiki, mzigo unaingia mchanganyiko, chupa za maji, vifuniko, madumu, vikopo, vipande vya mabomba, zile paketi za vidonge za kubonyeza, kila kitu humo humo. Nikishasaga kwenye krasha naosha, halafu namwaga kwenye tanki la maji, vya juu nakinga kwa chekeche, vya chini ndio fleki za chupa, yaani vile vipande vidogo vilivyosagwa. Kwenye vifuniko sina shida kabisa, vinaelea vyote.

Shida iko chini. Mteja anayechukua fleki za PET, ile plastiki ya chupa za maji, kaurudisha mzigo, anasema una PVC ndani, ile plastiki ya mabomba, akiuyeyusha unatoka wa njano na una vidoa vyeusi. Mimi nikiziangalia hizo fleki naona zote angavu tu, zote zimezama, hakuna cha kuzitofautisha. Nikasema ngoja niweke chumvi labda moja itapanda, nimeongeza mpaka chumvi haiyeyuki tena na bado zote ziko chini zimetulia. Kuna mtu kaniambia nitumie flotesheni ya povu kama wanavyofanya migodini, ila hakunieleza inafanyaje kazi kwenye plastiki. Je inawezekana kwa karakana ndogo? Na kwa nini chumvi imegoma? Naombeni maelezo ya kina, hata yakiwa marefu nitasoma yote.

fundi_densiti

Mkuu chumvi haina kosa, kazi uliyoipa haiwezi. Tuanze na namba ndio utaona. Maji matupu densiti yake, yaani uzito kwa ujazo, ni 1.00, kilo moja kwa lita. PP, ambayo ndio vifuniko vingi, iko 0.90 hadi 0.91, plastiki za mifuko yaani LDPE ziko 0.91 hadi 0.93, HDPE ya madumu 0.94 hadi 0.97. Zote hizo ziko chini ya 1.00 ndio maana zinaelea bila kukusumbua. Polistairini ngumu iko kama 1.05, ABS inacheza humo humo. Sasa PET iko 1.33 hadi 1.40 na PVC ngumu 1.35 hadi 1.45, ile PVC laini yenye vilainishi inashuka mpaka 1.2 na kidogo. Unaona hapo? PET na PVC zimelaliana. Hakuna maji ya chumvi, hata ungeyatengeneza vizuri vipi, yatakayopita katikati yake kwa sababu hakuna katikati.

Halafu chumvi ya kawaida ikifika mwisho wa kuyeyuka, kama gramu 350 na kidogo kwa lita ya maji, inakupa densiti 1.20 tu. Hiyo haifiki hata kwenye PET. Kwahiyo zitabaki chini hata ukeshe hapo.

Lakini usiitupe chumvi, ina kazi yake. Kwenye hicho kinachozama mara ya kwanza kuna polistairini na ABS pia, vile vikopo na maganda ya vifaa vya umeme. Weka gramu 200 za chumvi kwa lita ya maji, unapata densiti kama 1.12, hizo zinapanda juu na PET na PVC zinabaki. Kuhakikisha huhitaji kifaa cha gharama, chukua chupa unayojua ujazo wake kamili, pima uzito wake ikiwa tupu, kisha ikiwa na maji yako, toa, gawa kwa ujazo. Lita moja ikiwa na uzito wa kilo 1.12 umefika. Pima mara kwa mara maana fleki zinaingia na maji na chumvi inazidi kuwa nyepesi kadri kazi inavyoendelea, wengi hawaangalii hilo.

Kitu kingine, sio kila kinachoelea ni chepesi na sio kila PP inaelea. PP iliyochanganywa unga wa chokaa au talki kwa kiasi cha kutosha inavuka 1.00 na kuzama. Na fleki nyembamba ya PET inaweza kukaa juu ya maji kwa sababu imeshikwa na ngozi ya maji au ina viputo vya hewa vimeing'ang'ania mgongoni. Ndio maana tanki zuri lina kasia linalozamisha fleki kwa nguvu pale zinapoingia, zikishalowana pande zote ndio ziachiwe ziamue zenyewe pa kwenda. Tone la sabuni linasaidia hapo kwenye tanki la densiti. Kwenye povu mambo ni kinyume, ngoja wataalamu wa hilo waje.

kemia_ya_taka

Nimekuja. Ndugu mleta mada, flotesheni ya povu inawezekana kwenye PET na PVC, na imefanyiwa majaribio mengi sana maabara, ila lazima uelewe kwanza kwamba haitazami densiti, inatazama ngozi ya nje ya fleki.

Migodini ilianza kushika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1900, pale Broken Hill kule Australia walikuwa na marundo ya mabaki yenye zinki ambayo hawakuweza kuyachambua kwa njia ya uzito, wakakuta viputo vya hewa vinaweza kubeba chembe za madini na kuacha mawe chini. Kanuni ni hiyo hiyo. Chembe inayokataa maji inashikana na kiputo inapanda nacho, chembe inayokubali maji inalowana, kiputo kinateleza, inabaki chini. Densiti ya PVC ni 1.4 lakini ikivaa viputo vya kutosha inapanda kama yenye boya.

Tatizo la plastiki ni kwamba karibu zote kwa asili zinakataa maji. Ukipuliza viputo kwenye tanki lako sasa hivi, PET itapanda na PVC itapanda, hujafanya kitu. Migodini kazi kubwa ni kulifanya jiwe likubali kupanda, kwetu kazi ni kumfanya mmoja wao akatae kupanda. Hapo ndipo kemikali inapoingia na kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kumpaka mmoja kitu kinachopenda maji. Wanatumia tanini, lignosulfoneti inayotoka kwenye viwanda vya karatasi, selulosi ya methili na vitu vya namna hiyo, vinang'ang'ania zaidi kwenye plastiki moja kuliko nyingine. Inafanya kazi ila ni ya kudekeza, kiasi kikizidi zote zinalowana, kikipungua zote zinapanda, na kila mzigo unataka kipimo chake.

Ya pili ndio naipenda kwa hali yako, kostiki soda ya moto. PET ni polyesta, na kostiki inakata vile viungo vya esta kwenye ngozi yake, pale vilipokatika vinabaki vichwa vinavyopenda maji. PVC haina esta kwenye mnyororo wake, kostiki ya asilimia chache haiifanyi kitu cha maana. Kwahiyo ukiloweka fleki kwenye kostiki yenye joto la nyuzi 70 hadi 80, ukakoroga kwa dakika kama 20, kisha ukasuuza, PET sasa inalowana na PVC bado inakataa maji. Ukipuliza viputo PVC inapanda, PET inalala chini.

Na hili ndilo nataka ulione vizuri. Viwanda vinavyoosha chupa za PET tayari vinatumia kostiki ya moto kutoa gundi na mafuta. Yaani nusu ya kazi ya flotesheni iko ndani ya kuosha kwenyewe. Kama na wewe unaosha kwa kostiki basi umebakiza sehemu ya viputo tu.

mzigo_safi

Aisee hapa naelewa vitu ambavyo sikuwahi kuelezwa. Ndiyo naosha kwa kostiki ya moto lakini naweka na sabuni ya maji ili itoke vizuri. Sasa viputo navipulizaje, na hiyo ya kutengeneza povu ni kemikali gani? Na fleki zangu zinatoka kwenye chekeche la krasha la milimita 12, ni sawa?

kemia_ya_taka

Sabuni ndiyo itakuharibia kila kitu. Kazi ya sabuni ni kufanya maji yalowanishe kila yanachokigusa, PVC nayo italowana na itazama na mwenzake. Tumia sabuni kwenye uoshaji wa mwanzo kama lazima, halafu suuza, suuza tena, kostiki iwe hatua ya mwisho kabla ya povu na iwe peke yake. Kipimo rahisi, chukua maji ya suuza ya mwisho kwenye chupa safi utikise kwa nguvu, povu likikaa juu bila kupasuka bado una sabuni, rudi ukasuuze.

Cha kutengenezea povu ni mafuta ya msonobari au alkoholi maalumu ya viwandani inayoitwa MIBC, na kiasi chake ni kidogo mno, matone machache kwenye ndoo. Kazi yake ni kufanya viputo viwe vidogo na visiungane kuwa vikubwa. Hewa unaipata kwenye kampresa ndogo ukiipitisha kwenye jiwe la hewa kama lile la matangi ya samaki, au bomba lenye vitundu vidogo sana limelazwa chini ya tanki. Kiputo kikubwa kinapita fleki kwa kasi na kuipindua tu, vidogo vingi vinajishika.

Milimita 12 ni kubwa mno. Majaribio mengi wanafanya kwa fleki za milimita 2 hadi 5 na hata hizo ni kubwa sana ukilinganisha na chembe za madini ambazo ziko chini ya robo milimita. Inawezekana tu kwa sababu plastiki ni nyepesi. Cha muhimu zaidi kuliko upana ni unene. Fleki ya PVC iliyotoka kwenye karatasi ya vidonge au lebo itabebwa bila shida, lakini kipande cha bomba chenye unene wa milimita 3 hakuna povu litakalokipandisha, kitalala chini pamoja na PET yako kana kwamba hukufanya kazi yoyote.

Na hapo hapo kuna hatari. Hizo paketi za vidonge zina foili ya alumini. Alumini ikikutana na kostiki inatoa gesi ya hidrojeni, na kwenye kostiki ya moto inatoa kwa kasi. Inawaka. Pipa la kostiki lisifungwe kwa mfuniko, lisiwe la alumini, moto wa wazi usiwe karibu, na paketi hizo zitolewe kabla hazijasagwa. Unapochanganya unaweka kostiki kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, inaruka usoni. Miwani na glavu ndefu kila siku.

mchambuzi_wa_mezani

Samahani wakuu naingilia. Maelezo yote hapo juu ni sahihi lakini naona tunamsaidia mwenzetu kupigana na PVC ikiwa imeshasagwa, wakati adui ni rahisi sana kumkamata akiwa mzima. Mabomba na paketi za vidonge zinatakiwa ziishie mezani, zisifike kwenye krasha. Hizo mbili tu ukizizuia mzigo wako utabadilika.

Inayosumbua kweli ni chupa. Igeuze utazame kitako. Chupa ya PET katikati ya kitako ina kidoti cha mviringo, kama chunusi, pale plastiki ilipoingilia kwenye umbo kabla ya kupulizwa. Chupa ya PVC ina mstari ulionyooka umekatiza kitako, pale bomba la plastiki ya moto lilipobanwa na umbo. Ukiikunja, PVC inaacha alama nyeupe kwenye mkunjo. Mtu akizoea anafanya hivyo bila hata kufikiri, chupa inapita mkononi kidole gumba kinapapasa kitako inaenda kwenye fungu lake. Ile namba ndani ya pembetatu inasaidia pia, 1 ni PET na 3 ni PVC, ila chupa nyingi zinafika zimesuguliwa au namba haionekani.

Kitu cha pili ni lebo, zile zinazoivaa chupa nzima kama soksi, zilizobanwa kwa joto. Baadhi ni PVC, baadhi ni PETG, aina nyingine ya PET. Ya PVC inakuletea vidoa, ya PETG inazama na PET halafu kwenye kikaushio inalainika mapema na kugandisha fleki mabonge. Zile lebo za PP zinaelea na vifuniko, hazina neno, na ndio maana ukiona chupa ya PET yenye kifuniko cha HDPE na lebo ya PP jua aliyeibuni alifikiria tanki la maji. Chupa yenye soksi ichanwe kwa kisu kabla ya kusagwa.

Umuhimu wa haya yote ni kwamba PVC kidogo mno inatosha kuharibu. PET inayeyushwa kwenye nyuzi 260 na zaidi, PVC kwenye joto hilo imeshaoza zamani inatoa asidi ya haidrokloriki, na hiyo asidi inakatakata minyororo ya PET. Hata sehemu 100 kwa milioni zinatosha kuleta shida, yaani gramu 100 tu kwenye tani nzima. Hakuna hatua moja itakayokufikisha hapo, sio mezani peke yake wala povu peke yake.

dada_wa_vipimo

Naunga mkono, ila bila kupima mtabishana mpaka kesho. Mzigo unarudishwa kwa sababu mteja anapima na wewe hupimi. Kipimo ninachokipenda mimi ni cha oveni. Chukua kilo moja ya fleki kavu, changanya kutoka juu, katikati na chini ya gunia usichote sehemu moja, tandaza kwenye trei kwa unene mdogo, weka kwenye nyuzi 220 kwa nusu saa. PET inabaki nyeupe nyeupe, PVC inageuka kahawia mpaka nyeusi. Toa, iache ipoe, okota nyeusi zote kwa kibanio, pima kwenye mizani inayosoma miligramu. Miligramu 100 kwenye kilo ndio hizo sehemu 100 kwa milioni alizozisema mwenzangu. Oveni iwe ya kazi hiyo tu na iwe mahali penye hewa, ule moshi unaunguza koo.

Ukitaka kujua fleki moja moja, chukua waya wa shaba, uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usibadilike rangi, uuguse ukiwa bado wa moto kwenye fleki ili inyonye kidogo, urudishe motoni. Moto wa kijani ni klorini, jibu lako ni PVC. Fanya nje, na fleki ikiwa imepita kwenye maji ya chumvi isuuze kwanza ili chumvi isikuchanganye.

Nikuongezee moja kuhusu povu, kinachopanda usikitupe. PVC ikipanda inabeba na PET kiasi, hasa fleki zenye mabaki ya gundi maana gundi inakataa maji. Kipitishe tena kwenye tanki la pili, PET nyingi itaanguka. Hata kilicholala chini kipitishe mara ya pili.

kijana_wa_madumu

Na mimi nina swali dogo hapo hapo. Vya juu, PP na HDPE, vinatenganishwaje? Vyote vinaelea.

fundi_densiti

Kijana, unahitaji kimiminika cha 0.93. Spiriti na maji nusu kwa nusu kwa ujazo inafika karibu na hapo, PP inaelea HDPE inazama, na kwa sampuli kwenye glasi inapendeza kuangalia. Kwa tani usijaribu, mvuke wa spiriti unawaka na inapotea hewani. Chambua kwa mkono, vifuniko kando madumu kando. Viwanda vikubwa vinatumia kamera za infraredi, nazo zinashindwa plastiki nyeusi kwa sababu ile rangi ya kaboni inameza mwanga wote.

mzigo_safi

Nimerudi na majibu wakuu. Sikugusa tanki kubwa, nimefanya kwenye ndoo. Nimetoa sabuni, nimesaga upya kwa chekeche dogo, nimeloweka kwa kostiki ya moto, nimesuuza mpaka yale maji ya kwenye chupa yakaacha kukaa na povu. Nikaweka jiwe la hewa chini na matone ya mafuta ya msonobari. Mwanzoni kila kitu kilikuwa kinazunguka tu, nikapunguza hewa, ndio nikaanza kuona, fleki zinapanda zimevaa viputo vidogo vidogo pembeni kama shanga, zinafika juu zinalala kwenye povu. Nikazichota kwa chujio. Nimechukua waya wa shaba nikajaribu kadhaa za juu, nyingi kijani. Za chini nilizojaribu hakuna iliyotoa kijani, ila nimeelewa lazima nipeleke kilo nzima kwenye oveni kabla sijasema imekubali.

Meza ya kuchambua nimeshaiweka, vijana nimewaonyesha kile kidoti na mstari wa kitako, wameshika haraka kuliko nilivyotegemea. Swali langu la mwisho, haya maji ya kostiki na ya povu nayapeleka wapi? Nyuma ya karakana kuna mtaro na sitaki kumwaga humo.

kemia_ya_taka

Safi sana, na asante kwa kuuliza hilo la maji maana wengi hawaulizi. Kostiki usiimwage kila mara, iache itulie usiku, uchafu unalala chini, chota ya juu itumie tena, ongeza kostiki kidogo kufidia iliyoliwa. Itakapochoka kabisa, ipooze kwanza, halafu punguza ukali wake kwa asidi hafifu, siki inatosha kwa kiasi kidogo, weka polepole huku unapima kwa karatasi za pH mpaka uwe kati ya 6 na 9, kisha ulizia mamlaka ya maji taka wanaruhusu nini. Maji ya povu yarudishe kwenye tanki hilo hilo, lakini ukiona viputo vinakuwa vikubwa au povu halipasuki ujue yamechafuka.

Kabla ya maji yoyote kutoka pale, pitisha kwenye kitambaa kizito, tabaka mbili. Krasha inatoa unga wa plastiki mwembamba sana, chekeche halioni, na huo ukiingia mtaroni haurudi. Kitambaa kikikauka kikung'utie kwenye gunia, usikisuuze kwa bomba.

Ukishafanya ile ya oveni leta namba hapa, ya kabla ya povu na ya baada. Kama ya baada bado iko juu ya 100, tuanze kuangalia unene wa fleki zilizobaki nyeusi, nahisi itakuwa vipande vya mabomba vilivyopita mezani.